Fundi Asiye na Gari

Kitu cha kwanza ambacho Haika hakukipenda kwa Titus ni kwamba alikuwa fundi wa magari na hakuwa na gari. Kila Jumamosi alikuja Thamesmead kwa treni kutoka Hayes, yaani kutoka ncha moja ya London hadi ncha ya pili, na begi jeusi mgongoni kama mtu anayehama. Haika alimuuliza siku moja, kwa kicheko cha uongo, imekuwaje fundi mzima atembee kwa miguu. Titus akajibu kwamba kazini kwake, kwenye maghala ya karibu na uwanja wa ndege, alishinda akitengeneza mashine za kubebea mizigo, na akitoka hapo hakutaka kuona usukani. Lilikuwa jibu zuri. Haika alikuwa na miaka arobaini na mbili, na alishajifunza kuyaogopa majibu mazuri.

Aliyemfunza ni yule aliyekuwa mume wake, ambaye asubuhi moja alisema anakwenda kujaza upepo kwenye tairi, na hadi leo hajarudi, wala gari halijarudi.

Gari la pili Haika alijinunulia mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kuhudumia wazee majumbani, kuwaamsha, kuwaogesha na kuwapa dawa, na nyumba zenyewe zilitawanyika kiasi kwamba bila gari hakuna kazi. Alipata kigari cha rangi ya fedha, cha milango mitatu, kutoka kwa bwana mmoja wa Abbey Wood aliyecheka kupita kiasi. Bei ilikuwa ya kutupa. Rahisi ghali, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwahi kusubiri basi la saa kumi na moja asubuhi mwezi wa pili.

Kigari kilianza visa vyake wiki ile ile. Dirisha la dereva likishuka halipandi. Mvua ikinyesha, na London mvua haiombwi, maji yalijikusanya nyuma ya kiti hadi ndani kukanuka kama tambara la deki. Taa ya chungwa iliwaka kwenye dashibodi, ikakaa wiki tatu, kisha ikazimika yenyewe, jambo lililomtia Haika wasiwasi kuliko ilipokuwa ikiwaka. Na kuna asubuhi kigari kiliamua tu kwamba leo hakiendi. Bridget, bibi wa Kiairishi aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha ya Haika, alishazoea kumpokea kwa swali moja: leo umekuja na gari au na machozi?

Titus ndiye aliyekitengeneza. Hili lazima lisemwe, maana Haika mwenyewe alichelewa sana kulisema. Alibadilisha mkanda uliokuwa ukipiga mluzi, akaziba pale maji yalipoingilia, akalipandisha dirisha na kulifunga lisishuke tena. Hakutaka malipo. Alikunywa chai, akala alichowekewa, akamwangalia Adelina kwa jicho la wizi, akarudi zake Hayes.

Adelina ndiye aliyekuwa mzizi wa ukarimu wote huo. Alikuwa mdogo wake Haika, muuguzi, miaka thelathini, na Haika alikuwa amemlea tangu mama yao alipofariki. Waliishi pamoja kwenye fleti ya ghorofa ya kwanza, na tangu Titus aanze kuja Adelina alikuwa akiimba jikoni. Hakuwa mtu wa kuimba.

Mwezi wa kumi barua ya posa ikafika Mwika, chini ya Kilimanjaro. Iliandikwa na mjomba wake Titus wa Nakuru, ikapelekwa na mshenga hadi mikononi mwa Mzee Anselm, baba yao akina Haika. Mzee hakuifungua. Aliiweka ndani ya Biblia, akampigia simu binti yake mkubwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimeletewa barua. Ni Mkenya?"

"Ndiyo, baba."

"Sina ugomvi na Wakenya. Ila simjui. Ukoo unakaa Jumapili ya wiki ijayo, baada ya ibada. Mama yenu hayupo, na mimi siwezi kupanda ndege kuja kumtazama mtu. Wewe ndiye jicho langu. Ukiniambia ni mtu, tutaifungua. Ukiniambia si mtu, inarudi ilikotoka, na ikisharudi sitaki kuiona tena. Nimeeleweka?"

"Umeeleweka, baba."

"Anafanya kazi gani?"

"Ni fundi. Hata gari langu analitengeneza yeye."

Mzee akauliza, "Umeweka alama?"

Haika akajisikia mjinga. Mzee Anselm alikuwa na lori enzi zake, akibeba mahindi kutoka Kibaigwa, na fundi mmoja wa Moshi aliwahi kumng'olea betri mpya akamwekea kuukuu iliyofutwa vumbi. Tangu siku hiyo hakuna kilichoingia gereji bila alama ya mzee, na wanawe wote aliwafundisha. Kumwachia fundi gari bila alama, alisema, ni kumkabidhi fisi bucha. Na alama isiwekwe mahali pa wazi. Alama anayoiona mwizi ni ya mwizi.

"Bado, baba," alisema Haika.

"Mjaribu. Mwizi wa kidogo ndiye mwizi wa kikubwa."

Basi Ijumaa alasiri Haika alishuka maegeshoni na spana namba kumi na kichupa cha rangi ya kucha cha Adelina. Alichagua ya kahawia iliyokolea, isionekane kirahisi kwenye uchafu wa injini. Alifungua boneti, akalegeza vile vibano viwili vinavyoshika nguzo za risasi juu ya betri, zile mafundi wanazoziita taminali, akaviinua. Hapo ndipo mahali pa siri. Akazipaka nguzo zote mbili pande zote, mpako wa kushiba, akapuliza hadi rangi ikakauka, akarudisha vibano na kukaza. Nani angefikiria kutazama huko? Alijipongeza. Hakujaribu kuwasha gari. Lilikuwa limekwenda vizuri kutwa nzima, la kuliwashia nini?

Jumamosi asubuhi aligeuza ufunguo, kigari kikajibu ka! ka! ka! kikanyamaza. Haikumshangaza. Kwa kigari kile, kugoma kulikuwa kama jua kuchomoza, tena jua la London lilikuwa na udhuru zaidi. Alimwambia Bridget kwa simu kwamba atachelewa, akaomba lifti kwa mfanyakazi mwenzake, na saa sita aliporudi akamkuta Titus ameshafika na begi lake.

Safari hii Haika alisimama naye. Mwavuli mkononi, macho kwenye mikono ya Titus. Adelina alichungulia dirishani akamwita aingie ndani, kuna baridi. Haika akasema hasikii baridi, na meno yanagongana. Lakini ofisi ikapiga simu kuhusu ratiba ya wiki, na ratiba ilikuwa juu, mezani. Alipanda ngazi mbio, akashuka mbio. Dakika nne, hazikuzidi. Alikuta injini inanguruma, na Titus anafunga zipu ya begi.

"Ilikuwa nini?"

"Ah, kitu kidogo tu, dada. Kwa terminal kulikuwa na uchafu fulani imeshikana. Nimekwaruza, sasa iko fiti."

"Uchafu gani?"

"Sijui, kama lami hivi. Hizi gari za zamani huwa na maajabu."

Haika hakujali habari ya uchafu. Kilichomkaa rohoni ni ile zipu. Alisubiri Titus apande kula, akafungua boneti, akainua vibano. Nguzo zote mbili zilikuwa nyeupe, zinang'aa kama jino jipya. Alama haipo. Alifunga boneti, akapanda ndani, akamkuta Titus anamalizia wali na Adelina anamcheka kwa kitu alichosema. Naye Haika akacheka, ili asijulikane.

Usiku hakusema neno. Alikuwa mtu wa haki, hivyo ndivyo alivyojiona. Mara moja inaweza kuwa bahati mbaya, mara mbili ni tabia. Kesho yake baada ya kanisa alishuka tena na kichupa, akapaka mara mbili badala ya moja, akakaza.

Jumanne kigari kiliwaka kwa kubembelezwa. Jumatano, siku yake ya mapumziko, kiliwaka mara ya tatu, Haika akaamua aende Ilford kununua ndizi na unga. Alikwenda kuvuka mto kwa kivuko cha Woolwich, ambako ukishaingia chomboni huna budi kuzima injini. Alizima. Walipofika ng'ambo magari yote yaliwaka, la kwake likasema ka! ka! ka! Madereva nyuma yake walipiga honi. Wanaume wawili wenye vizibao vya chungwa wakamsukuma kutoka kivukoni, mmoja akimwambia mwenzake kitu kilichowachekesha wote, na mbwa aliyekuwa kwenye gari la jirani akamtazama Haika kwa huruma hadi alipopotea machoni. Alisukumwa hadi pembeni mwa barabara. Alitamani ardhi ipasuke.

Alimpigia Titus. Hakuwa na mwingine, na hilo lilimuudhi kuliko kusukumwa.

Titus aliomba ruhusa kazini, akaja kwa treni hadi Woolwich, akavuka na kivuko kile kile kwa miguu. Alifika na begi. Haika alishuka garini asimame naye, lakini Titus akasema, "Kaa ndani, dada. Nikikwambia start, u-start." Akaketi. Titus akainua boneti, na boneti ikamfunika. Haika akabaki anatazama bati la rangi ya fedha, na chini yake viatu viwili. Akasikia zipu ikifunguliwa. Akasikia chuma kikigonga chuma. Akainama kushoto, akainama kulia, hakuona kitu.

"Start!"

Likawaka mara moja.

Titus alifunga boneti akaja dirishani, akakumbuka kwamba dirisha halishuki, akazungukia mlango wa pili. Uso wake haukuwa wa kawaida. "Dada, hiyo uchafu imerudi. Na safari hii ni mingi kuliko ile ingine. Kuna mtu ameshika hii battery?"

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Sentensi moja tu, na mambo yote yangeishia pale barabarani, kwa kicheko pengine. Lakini Haika aliona ujanja mtupu. Mwizi akipiga kelele za mwizi! Na alama ukishaitaja si alama tena.

"Hakuna aliyeshika," alisema.

Titus akatikisa kichwa, akaenda kunawa mikono kwa maji ya chupa. Haika alishuka upesi akalishika lile begi. Lilikuwa zito kama mtoto aliyelala.

"Wacha tu, dada," Titus alisema kutoka nyuma yake. "Iko na vyuma."

Nyumbani akainua vibano. Nyeupe. Alama imekwenda. Akaegemea gari, akaipanga hesabu yake. Mara ya kwanza kachukua betri nzuri kaweka mbovu. Mara ya pili kachukua mbovu kaweka mbovu zaidi. Ndiyo maana gari linazidi kufa! Na ndiyo maana mtu anatoka Hayes kila wiki bila kudai kitu. Nani anatoka Hayes bure? Kila jambo alilowahi kulitilia shaka lilijileta lenyewe na kukaa mahali pake, begi, treni, zipu, boneti, na ule upole. Haika alihisi uchungu, na ndani ya uchungu huo, tusimfichie, raha kidogo ya mtu aliyejua tangu mwanzo.

Jumamosi alimpigia baba yake.

"Ameiba, baba. Mara mbili. Nimeona kwa macho yangu."

"Alama?"

"Imetoka. Nimeweka mahali ulikonifundisha."

Mzee Anselm alishusha pumzi ndefu. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Pole, mwanangu. Umefanya kazi yako."

Jumapili ukoo ulikaa, na barua ikarudi kwa mshenga haijafunguliwa. Kufikia jioni habari ilikuwa imetoka Mwika hadi Nakuru hadi Hayes hadi Thamesmead, maana habari mbaya haipandi kivuko. Adelina aliingia sebuleni na simu mkononi.

"Dada, umemwambia baba nini?"

Haika akamweleza yote isipokuwa kichupa kilikotoka. Alitegemea Adelina alie. Adelina hakulia. Alisimama katikati ya sebule, mikono imelegea.

"Betri," alisema. "Titus abebe betri mgongoni, apande nayo treni hadi Hayes. Betri ya kile kigari. Aipeleke wapi, dada?"

"Wezi wana mahali pao."

"Mtu akikufaa siku ya shida, wewe unamhesabia makosa. Umeona kwa macho?"

"Nimeona alama imetoka."

"Nakuuliza kama umemwona yeye akiiba. Nionyeshe ushahidi. Ukinionyesha, nitanyamaza mpaka nizikwe." Akaingia chumbani, akafunga mlango taratibu, na tangu hapo jikoni hakukuwa na wimbo.

Jumatatu Titus alikuja kurudisha ufunguo wa akiba wa kigari, alioachiwa kwa ajili ya matengenezo. Alisimama mlangoni, hakuingia, na hakuwa na begi.

"Ufunguo ni huu, dada. Asante kwa chai."

Ni hayo tu. Hakugomba, hakujitetea. Haika alingoja kelele, maana asiye na hatia hupiga kelele. Kelele hazikuja, na hilo nalo akaliandika kwenye moyo wake kama ushahidi. Titus alipoondoka aliutazama ule ufunguo kwenye mwanga, aone kama umechongwa mwingine kutoka kwake. Kisha akashuka na kichupa, akapaka nguzo kwa mara ya tatu, kwa sababu mwizi akishaijua njia huirudia.

Alhamisi kigari hakikuwaka.

Haika alikaa nyuma ya usukani. Hakuna fundi aliyekuja. Hakuna aliyekigusa. Alifungua boneti, akainua kibano, na kwa mara ya kwanza alama ilikuwepo, imekwaruzika kidogo tu. Alama ipo na gari limekufa. Kwa dakika moja hivi kitu fulani kilimgusa begani, kama mtu anayetaka kumwambia jambo, lakini alikipuuza. Bila shaka ni ile betri mbovu aliyowekewa, inamalizia roho yake. Sasa kilichobaki ni ushahidi. Alirudisha kibano akakizungusha kwa hasira, akajaribu tena, na mara ya nne gari likawaka. Akaondoka nalo hadi Ilford. Safari hii alipita kwenye handaki lililo chini ya mto, asije akalazimika kuzima injini.

Alikwenda kwa Jaspal, Kalasinga mzee mwenye gereji nyuma ya barabara ya maduka. Alimchagua kwa makusudi. Baba yake, ambaye hakumwamini fundi yeyote aliyezaliwa na mwanamke, alikuwa akisema Kalasinga hadanganyi kwenye injini. Na Jaspal alizaliwa Kisumu, Kiswahili chake kilikuwa cha zamani lakini kilikuwa kizima.

"Nataka uniandikie kwenye karatasi," Haika alimwambia. "Kwamba betri hii imebadilishwa. Siyo ya gari hili."

"Kwanza nione, mama. Zima."

Akazima. Jaspal akamwambia awashe. Ka! ka! ka! Mzee akafungua boneti, akavaa miwani, akainama. Alikaa huko muda mrefu.

"Nani amekwambia betri imebadilishwa?"

"Najua."

"Njoo hapa." Alimwonyesha chini ya betri, pale kipande cha chuma kilipoibana kwenye sahani yake kwa bolti moja. Bolti ilikuwa imeliwa na kutu, imeshikana na chuma ikawa kitu kimoja. Jaspal aliweka spana, akavuta kwa mikono miwili, haikutikisika. "Hii haijafunguliwa miaka mingi. Hakuna mtu anaweza kutoa betri hapa bila kukata hii. Betri ni ile ile ulinunua nayo. Tena ni nzuri."

"Haiwezekani."

"Mama, kutu haisemi uongo." Kisha akalegeza kibano, akakiinua, akakuna nguzo kwa ncha ya kisu. Kitu cha kahawia kikabanduka kama ganda la kitunguu. Jaspal akakinusa, akakishika kwenye mwanga. Akamtazama Haika, akakitazama tena.

"Nani amepaka rangi ya wanawake kwenye betri?"

Gereji nzima ilikuwa na kelele, redio, nyundo, mtu akicheka, lakini Haika hakusikia chochote.

"Mimi," alisema.

"Kwa nini?"

"Ni alama."

Mzee Jaspal hakucheka, na Haika alimshukuru kwa hilo maisha yake yote. "Umeme unapita hapa, chuma kwa chuma," alisema. "Ukipaka rangi katikati, haupiti. Mtu akikwangua, unapita. Ukipaka tena, haupiti. Gari yako haina shida, mama. Ni wewe unaifunga, halafu unauliza nani amefunga."

Aliisafisha kwa brashi ya waya. Sekunde chache tu. Gari likawaka kabla ufunguo haujafika mwisho.

Haika hakukumbuka alivyofika Thamesmead. Alikumbuka tu maneno, kama lami hivi, na uso wa Titus kwenye mlango wa pili wa gari, dada, kuna mtu ameshika hii battery? Alikuwa ameulizwa. Aliulizwa waziwazi, kwa adabu, na mtu aliyeacha kazi kuja kumwokoa barabarani, akajibu hakuna.

Adelina alikuwa anajiandaa kwenda kazini. Haika alimweleza akiwa bado amesimama, koti halijavuliwa. Hakuficha kitu, hata kichupa. Adelina alimsikiliza, na alipomaliza akaketi kwenye mkono wa kochi. Alifungua mdomo, Haika akajiandaa kupokea lolote litakalotoka.

"Mpigie baba," Adelina alisema. "Sasa hivi. Weka sauti tusikie wote."

Haika akapiga. Simu iliita kwa muda.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona saa hizi? Kuna nini?"

"Baba, nimekosea. Titus hakuiba. Betri ni ile ile. Mimi ndiye niliyekuwa nikiiharibu kwa ile alama. Kila nikipaka gari linakufa, yeye akikwangua linapona. Nimekwenda hadi kwa Kalasinga, kanionyesha. Nimemsingizia kijana wa watu, baba. Naomba umwambie mshenga airudishe barua."

Upande wa pili wa simu ng'ombe alilia, na mtu akafunga mlango.

"Nani yuko hapo na wewe?"

"Adelina."

"Na huyo kijana?"

"Hayupo. Alirudisha ufunguo Jumatatu, hajaja tena."

"Alikuja mpaka hapo nyumbani?"

"Mlangoni tu, baba. Dakika moja."

"Alikwambia nini?"

"Alisema asante kwa chai."

"Asante kwa chai," mzee alirudia polepole, kama mtu anayeonja kitu asichokiamini. "Haika, nisikilize. Jumamosi ulikuwa na akili zako timamu. Uliniambia umeona kwa macho yako. Kijana kaja mlangoni, kasema maneno mawili, leo unaniambia hukuona, tena eti mwizi ni wewe. Mwanangu! Anayeiba betri ni kibaka, na vibaka nimewazoea. Huyu anayemgeuzia mtu maneno yake mwenyewe mdomoni, huyu ndiye wa kuogopwa."

"Baba, siyo hivyo. Nimeiona bolti, ina kutu..."

"Naisikia sauti yako, siyo yako. Unatetemeka. Sikulaumu. Nitamwomba mchungaji awaombee wote wawili. Badilisha kitasa cha mlango. Na mdogo wako usimwache peke yake."

Simu ikakatika. Haika alibaki ameishika mbele yake. Alijaribu kumkasirikia baba yake, hakuweza. Kila neno alilolisema mzee, angelisema yeye, kwa mpangilio ule ule, wiki moja iliyopita.

Adelina alikuwa amesimama. Machozi yalimtiririka sasa, hakuyafuta.

"Mpigie tena, dada. Mwambie tena."

"Nikimwambia tena," Haika alisema, "atazidi kuwa mwizi."